Zungusha injini kwa mkono uone krenki na kemu zinavyofanya kazi

Krenki shafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na kem shafti (shafti yenye nundu zinazofungua valvu) ukishaziona zikizunguka polepole hutazisahau tena, ndo maana mi huanza na spana kabla ya michoro. Hapa tunatumia injini ya petroli ya silinda 4 za mstari mmoja.

Hatua ya 1. Chomoa waya wa hasi wa betri, weka gia nyutro, toa plagi zote, kisha fungua kava ya valvu na ile ya juu ya taimingi (mkanda au mnyororo unaounganisha krenki na kemu). Bila plagi mgandamizo haupo, injini inazunguka kiulaini.

Hatua ya 2. Tumbukiza kijiti kirefu cha plastiki kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza, halafu zungusha bolti ya puli ya krenki kuelekea upande injini inaozungukia ikiwaka, usirudishe nyuma. Utaona kijiti kinapanda na kushuka. Pistoni haijui kuzunguka, ila konrodi yake, yaani mkono wa chuma unaoiunga na krenki, imeshika shingo ya krenki ambayo imekaa pembeni ya kitovu, yaani ni kama mguu na pedeli ya baiskeli, we unasukuma chini yenyewe inazunguka. Shingo ikiwa milimita 43 kutoka kitovu, pistoni inatembea milimita 86. Na ya 1 ikipanda, ya 4 inapanda nayo, 2 na 3 zinashuka.

Hatua ya 3, hii usiikimbie. Piga chaki kwenye puli na kwenye gia ya kemu, zungusha krenki raundi moja kamili. Chaki ya puli imerudi ilipoanzia, ya kemu iko nusu njia! Gia ya kemu ina meno mara mbili ya ile ya krenki, manake kuvuta, kubana, kuwaka na kutoa moshi vinakula raundi 2 za krenki, digrii 720, na kila valvu inatakiwa ifunguke mara moja tu humo. Kwa hiyo pistoni ya 1 inafika juu mara mbili na wengi wanakosea hapo, hata mi nilishafunga distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) kwenye juu isiyo yenyewe, injini ikawa inapigia kwenye kabureta nikahangaika nayo siku nzima. Angalia nundu za kemu za silinda ya 1: zote zikiwa zimezipa valvu mgongo, valvu zimefunga, hapo ndo juu ya kubana.

Hatua ya 4. Sikiliza mkono. Nundu ikianza kubonyeza springi spana inakuwa nzito, ikishavuka ncha spana inaruka mbele yenyewe, hiyo ni kawaida kabisa. Ila ukihisi chuma kimegonga chuma simama, usilazimishe, huenda valvu imekutana na pistoni kwa sababu taimingi imeruka, kagua alama kwanza.

Hatua ya 5. Kabla ya kuwasha, fikiria oili. Kwa raundi 3000 kwa dakika krenki inazunguka mara 50 kila sekunde, kemu 25, na wakati huo krenki haitakiwi kugusa metali zake (beringi inazokalia), inaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu kupitia matundu yaliyotobolewa ndani ya shafti yenyewe. Kwa hiyo taa ya oili ikiwaka ukasikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini, zima hapohapo, hata kama umebakisha mita chache kufika.