Namna ya Kulinganisha Simulizi Nne za Ono la Kwanza la Joseph Smith

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanalijua Ono la Kwanza, yaani maono ambayo Joseph Smith, mwanzilishi wa dini ya Wamormoni, alisema aliyapata akisali akiwa kijana, kupitia Joseph Smith—Historia, iliyomo katika Lulu ya Thamani Kuu, mojawapo ya vitabu vyao vya maandiko. Hiyo ni simulizi moja tu. Joseph Smith mwenyewe aliacha nne: ya 1832, ya 1835, ile aliyoianza 1838, na ya 1842. Anayetaka kuthibitisha na anayetaka kukanusha hujikwaa mahali pamoja, kwa kuzichanganya kabla ya kuzisoma moja moja.

Anza na hati zenyewe. Mradi wa Joseph Smith Papers, unaochapisha hati zake, umeziweka mtandaoni bure, picha pamoja na nakala iliyochapwa neno kwa neno. Fungua vyote viwili, kwa sababu picha hukuonyesha kalamu iliposita. Katika ile ya 1832, akieleza kilichomshukia, aliandika nguzo ya moto, kisha akalifuta neno moto na kuweka nuru. Mwaka 1835 moto ukarudi. Katika historia ya 1838 ni nuru tena. Ukitegemea kitabu kilichosafishwa hutaliona hilo.

Chora jedwali la mistari minne na safu sita: tarehe ya kuandikwa, mkono wa nani, nani alikuwa akiambiwa, umri, sababu ya kusali, na waliotokea. Tarehe ya kuandikwa usiichanganye na tarehe ya tukio. Ya 1832 ni sehemu ya historia fupi ya kurasa 6, na kipande cha ono kiko kwa mkono wa Joseph mwenyewe. Ya 1835 ni maneno aliyomweleza mgeni, Robert Matthews, huko Kirtland tarehe 9 Novemba, yakaingizwa katika shajara na karani. Ya 1838 ilikusudiwa kuwa historia rasmi. Aya ya kwanza yenyewe inasema imeandikwa kujibu habari za uongo zilizoenezwa, na nakala tuliyo nayo ni ya 1839, kwa mkono wa karani wake James Mulholland. Ya 1842 ni barua kwa John Wentworth, mhariri wa gazeti la Chicago, iliyochapishwa Nauvoo tarehe 1 Machi. Aliandikiwa mtu wa nje, ndiyo maana ni fupi na haina ugomvi.

Kwenye safu ya umri, angalia hesabu. Joseph alizaliwa 23 Desemba 1805. Historia ya 1838 inasema alikuwa katika mwaka wake wa 15, na mtu wa namna hiyo ana miaka 14, wala si 15. Hati ya 1832 inasema mwaka wa 16, yaani miaka 15, na maneno hayo yaliongezwa juu ya mstari na karani wake, Frederick G. Williams. Tofauti na simulizi nyingine ni ya mwaka mmoja, na haikutoka kwenye kalamu ya Joseph. Wengi huifanya kubwa kuliko ilivyo.

Safu ya waliotokea ndiyo yenye mjadala mzito. 1832 inamtaja Bwana, na mkazo uko kwenye msamaha wa dhambi. 1835 ina nafsi mbili, yaani viumbe wawili wa mbinguni, ya pili ikitokea baada ya ya kwanza, pamoja na malaika wengi. 1838 na 1842 zina nafsi mbili. Jaza kila kisanduku kwa kilichoandikwa tu, na pasipo na kitu andika "haitajwi", kamwe usiandike "hapakuwepo". Kukaa kimya si kukana. Lakini pia usijaze pengo la 1832 kwa maneno ya 1838, maana hapo utakuwa umetunga simulizi ya tano ambayo Joseph hakuisema.

Kisha soma kila simulizi dhidi yake yenyewe. Katika Joseph Smith—Historia linganisha aya ya 10, anapojiuliza kama makanisa yote yamekosea, na aya ya 18, anaposema wazo hilo halikuwa limeingia moyoni mwake. Nayo ya 1832 inasema alikwisha kulifikia kwa kusoma maandiko. Huu mvutano ni wa kweli, na unastahili muda kuliko suala la umri.

Kuhusu uamsho wa dini, ambao historia ya 1838 inasema ndio uliomsukuma Joseph kusali, mwaka 1967 Wesley Walters, mchungaji Mpresbiteri, alidai kwamba uamsho mkubwa wa Palmyra, kijiji cha jimbo la New York karibu na alikoishi Joseph, ulikuwa wa 1824 hadi 1825. Mwanahistoria Mmormoni Milton Backman akajibu 1969 kwa kutazama eneo pana zaidi. Kabla hujachagua upande, soma aya ya 5 uone inazungumzia kijiji au wilaya nzima. Gazeti la Palmyra la Juni 1820 linataja mkutano wa Wamethodisti wa kupiga kambi karibu na kijiji; hilo linaonyesha palikuwa na pilikapilika za dini, ila halithibitishi uamsho wa ukubwa unaoelezwa.

Simulizi za watu wengine, wafuasi wa Joseph waliozisikia habari hizo, ziwekee jedwali lake: Orson Pratt, Edinburgh 1840, Orson Hyde kwa Kijerumani, 1842, shajara ya Alexander Neibaur, Mei 1844. Pratt alitangulia kuchapisha, na barua ya 1842 ilichukua baadhi ya maneno yake. Hivyo mahali hizo mbili zinapofanana neno kwa neno, usizihesabu kuwa mashahidi wawili.