Swingamu ya pikipiki ya spoti: jinsi ya kuchagua na kufunga

Swingamu ni ule mkono wa nyuma unaoshika tairi. Nguvu yote ya injini hupita humo kabla ya kufika barabarani, na kila tuta na kila shimo hugonga humo kwanza. Ukiibadilisha kwa ajili ya sura, umebadilisha pia namna pikipiki inavyokata kona na inavyokula tairi. Sura nzuri si kosa, ila vipimo vitangulie.

Inayotamaniwa kuliko zote ni ya mkono mmoja, kwa kuwa rimu huonekana yote. Ilikuja kwa haja ya kazi: mashindano ya masafa marefu hubadilisha tairi mara nyingi, na kwa mkono mmoja unafungua nati moja tu, cheni haiguswi. Honda waliiweka kwenye RC30 ya mwaka 1987. Ducati waliipa 916 mwaka 1994, wakaiacha kwenye 999, wakairudisha kwenye 1098 ya mwaka 2007, na Panigale V4 ya 2025 imerudi tena kwenye mikono miwili. Pikipiki zao za mashindano ya MotoGP zimekuwa na mikono miwili miaka yote.

Sababu ya mikono miwili ni hii. Pikipiki ikilala sana kwenye kona, shokapu haipokei tena mtikisiko wote, kwani sehemu yake inaingia kwa ubavu. Hapo swingamu inatakiwa inyumbuke kidogo kwa ubavu na wakati huohuo ikatae kujisokota. Mkono mmoja, ili usijisokote, hutengenezwa mnene. Unene unaongeza uzito na kuua ule mnyumbuko, tairi likaanza kudundadunda katikati ya kona. Kwa mwendo wa barabara za Unguja na Pemba hutaihisi tofauti hiyo. Utakachokihisi ni uzito, na bei ya beringi kubwa ya habu (kitovu cha gurudumu) ambayo huipati sokoni Darajani. Faida yake kwetu ni wakati wa pancha: tairi linatoka bila kugusa cheni wala kupoteza mstari. Lakini nati ya Ducati nyingi za karibuni ni ya 55 mm na hukazwa kwa 230 Nm. Kama huna soketi hiyo na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, faida hiyo si yako.

Umbo la ndizi nalo lina asili yake. Suzuki RGV250 na Honda NSR250R za mwanzo wa miaka ya 1990 zilipindishwa mkono wa kulia ili ekzosi pana za injini ya tu-stroki zipite karibu na mwili. Kwa injini ya foo-stroki yenye ekzosi ya chini, pindo hilo ni pambo tupu. Si baya likitengenezwa vizuri, ila usililipie kama nguvu.

Urefu ndio unaoharibu pikipiki nyingi. Chukua swingamu ya 580 mm ukairefusha kwa 100 mm, huku shokapu imebaki pale pale. Nyenzo, yaani mkono unaosukuma shokapu, imeongezeka kwa 17%, na ugumu wa springi unapofika kwenye gurudumu hushuka mpaka karibu 73% ya ule wa mwanzo. Nyuma inakaa chini, pikipiki inageuka kwa uzito, na abiria mmoja anatosha kugonga mwisho wa shokapu kwenye tuta. Anayekimbia mstari mnyoofu tu anafaidika, maana mbele hainyanyuki ovyo. Ukiamua kurefusha, badilisha springi, weka paipu ndefu ya breki, na uongeze cheni: kwa namba 520, 525 au 530 pingili moja ni 15.875 mm, hivyo kila 50 mm za swingamu zinataka pingili 6 hivi.

Usikubali kabisa kukata na kuchomelea swingamu ya alumini mtaani. Alumini ya 6061-T6 ikichomelewa, pembeni mwa mshono hupoteza karibu nusu ya uimara wake au zaidi, mpaka ipikwe upya kwenye tanuri la joto maalumu. Mshono unaweza kung'aa vizuri na bado ukakatika sentimita moja pembeni yake.

Kabla hujalipia swingamu iliyotumika, nenda na kalipa ya kupimia. Pima upana wa sehemu inayoingia kwenye fremu, kipenyo cha boliti yake, kipenyo cha eksili, nafasi ya tairi na mahali pa kushikia breki. Hakikisha kwanza kama shokapu yako inashika swingamu moja kwa moja au kwa linki, yaani vyuma vya kati vinavyounganisha hivyo viwili. Hizo mbili hazibadilishani. Kisha tafuta nyufa: safisha mishono, paka mafuta ya taa, ngoja dakika kumi na tano, futa mpaka pakauke, halafu paka unga wa chaki nyeupe. Ufa hujichora wenyewe, mstari mweusi mwembamba kama unywele. Angalia zaidi kwenye mianya ya kukazia cheni.

Ukiifunga, iache kwanza bila shokapu. Inyanyue kwa mkono na uiachie: ishuke taratibu kwa uzito wake. Ikikwama, beringi zimekufa au boliti imekazwa kupita kiasi. Ikicheza kushoto na kulia, usiendelee. Baada ya kufunga tairi, vuta uzi pande zote mbili kutoka tairi la nyuma hadi la mbele. Kwa tairi la nyuma la 190 na la mbele la 120, nafasi kati ya uzi na tairi la mbele iwe 35 mm kila upande. Cheni nayo ipime pale eksili, boliti ya swingamu na spoketi ya mbele zinapokuwa mstari mmoja, maana hapo ndipo inapokaza zaidi. Ukiiweka vizuri ikiwa nyuma imening'inia tu, itavuta beringi ya giaboksi ukikaa juu. Mwisho pima mbonyeo, yaani nyuma inavyoshuka ukikaa: umbali wa eksili hadi mkiani, gurudumu likining'inia, kisha ukiwa umekaa. Tofauti ya 30 hadi 40 mm inafaa.

Chumvi ya bahari inahitaji uangalizi wake. Boliti ya chuma ndani ya alumini hula alumini kimyakimya, hasa kwa pikipiki inayolala Nungwi au Jambiani. Paka grisi ya mashine za boti kwenye kila boliti na beringi, osha kwa maji baridi yasiyo ya kisima chenye chumvi, na ufungue boliti ya swingamu kila mwaka kabla ya masika, ukapake upya. Isiyofunguliwa miaka mitatu kwa kawaida hutoka kwa nyundo, na nyundo huondoka na uzi wa boliti.