Namna ya Kuwa Mwanasosholojia wa Uhamaji

Anayetaka kuifanya sosholojia ya uhamaji kuwa kazi yake na aanze kwa kuelewa kwamba safari ya mhamiaji haianzii mpakani. Huanzia sebuleni, ndugu wanapokaa kikao kuamua nani aende, nauli itoke wapi na watoto wabaki na nani. Mtafiti anayeanza kuuliza maswali kituoni mpakani huwa amechelewa, kwa kuwa mengi anayotaka kuyajua yalishaamuliwa miezi mingi kabla, katika nyumba ambayo yeye hajawahi kufika.

Shahada ya kwanza ya sosholojia hutolewa na vyuo vikuu vyetu vingi, vikiwemo vya Dar es Salaam na Nairobi. Utaalamu wa uhamaji wenyewe huja hasa katika uzamili na uzamivu, kwa hiyo miaka ya mwanzo itumie kujenga msingi wa mbinu za utafiti, historia, demografia (elimu ya idadi ya watu) na takwimu. Tafadhali usizikimbie takwimu. Nimewaona vijana hodari sana wa mahojiano waliokwama kwa sababu hawakuweza kusoma jedwali la sensa, ilhali swali moja tu la mahali mtu alikozaliwa, likilinganishwa na mahali anapoishi, humwonyesha mtafiti ni mkoa gani unaotoa watu na ni upi unaowapokea. Jifunze na lugha. Kiswahili kitakufikisha Kigoma, Bujumbura na Bukavu, lakini Mrundi anaposimulia usiku aliokimbia huenda akarudi kwenye Kirundi, na mkalimani, hata awe mwaminifu kiasi gani, huacha kitu njiani.

Katika kusoma, anza na kazi mbili. Wanasosholojia William Thomas na Florian Znaniecki, waliochapisha utafiti wao kuhusu wakulima wa Kipolandi kati ya 1918 na 1920, walikusanya barua ambazo familia zilizogawanyika kati ya Poland na Marekani ziliandikiana, wakaonyesha kwamba ugomvi, deni na mapenzi ya nyumbani huvuka bahari pamoja na msafiri. Leo kazi hiyo ya barua inafanywa na jumbe za sauti za simu. Watafiti Douglas Massey na Jorge Durand, tangu 1982, wamehoji kaya za Mexico pamoja na watu wa kaya hizohizo walioko Marekani, na matokeo yao yanapaswa kumfikirisha kila mtunga sera: Marekani ilipoimarisha ulinzi wa mpaka wake baada ya 1986, wengi waliokuwa wakienda msimu na kurudi waliamua kubaki, kwa kuwa kuvuka kulikuwa kumekuwa ghali na hatari mno.

Kabla ya kwenda uwandani shughulikia vibali, tena mapema. Nchini Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Nchini Tanzania utapitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, au chuo chako, kutegemea uraia na hali yako, kisha barua itashuka mkoani, wilayani, hadi kwa mwenyekiti wa mtaa. Kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, zinahitaji kibali cha pekee cha Wizara ya Mambo ya Ndani.

Sasa tuingie kwenye mahojiano yenyewe, ambapo kazi hii hufaulu au huharibika. Usijitambulishe kamwe kuwa wewe ni mtu wa uhamiaji. Kwetu neno hilo lina maana ya ofisa mwenye sare anayedai pasipoti, na ukilitamka mlangoni, kijana aliyekuwa akichota maji uani hatoonekana tena siku hiyo. Sema unatafiti maisha ya familia zenye watu walio mbali, eleza taarifa zitakwenda wapi, na mwambie mwenyeji kwamba anaweza kukataa swali lolote. Majina yaandike katika daftari la pekee, mbali na majibu, maana karatasi iliyopotea inaweza kumrudisha mtu alikokimbia.

Usimwulize mtu moja kwa moja anapokea shilingi ngapi. Uliza kuhusu vitu. Huko Tanga niliketi mkekani na mama mmoja ambaye binti yake anafanya kazi za ndani Muscat, Oman. Nilipomwuliza kuhusu fedha alinyamaza, lakini nilipoyasifu mabati mapya aliinuka, akatoa chini ya godoro daftari la shule lililoorodhesha kila kitu: ada ya mdogo wake, mifuko ya saruji, deni la nauli lililolipwa kidogokidogo. Pembeni mwa miezi kadhaa alikuwa ameandika neno moja tu, "kimya".

Jihadhari pia na njia ya kumpata mhojiwa mmoja kupitia mwingine. Ni njia nzuri pale ambapo hakuna orodha ya watu, lakini ukianzia msikitini utapata watu wa msikiti huo, na ukianzia kwa wakala wa ajira utapata wale ambao mambo yao yalinyooka. Anzia sehemu nne au tano zisizofahamiana, na uwatafute hasa waliorudi mikono mitupu, kwa sababu hao huwa hawasimuliwi.

Ajira zipo vyuoni, katika taasisi za utafiti, ofisi za takwimu na mashirika ya Umoja wa Mataifa kama IOM, la uhamaji, na UNHCR, la wakimbizi, ambako mikataba mara nyingi ni ya muda mfupi. Uliza mapema kama utaruhusiwa kuchapisha ulichokiona.

Rasimu ikikamilika, irudishe kwa Kiswahili kwa waliokusimulia kabla hujaiwasilisha popote. Mimi nilirudi Tanga na jedwali ambalo miezi ya "kimya" niliihesabu kuwa miezi isiyo na fedha. Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza kwamba fedha katika miezi hiyo ziliingia kama kawaida. Kilichokosekana ni sauti ya mwanawe, ambaye simu yake ilikuwa imechukuliwa na mwajiri. Nililifanya upya jedwali lote.