Mbwa Aliyefiwa na Mwenzake Haanui Matanga Siku ya Tatu

Nina yadi ya boriti na makuti Mtopanga, Mombasa, na walinzi wangu walikuwa wawili: Popi, jike mzee wa miaka 11, na Kamanda, dume aliyeletwa yadini akiwa mdogo hata akilala ndani ya karai. Popi alitoka uvimbe kwenye chuchu, ukapasuka, na kaskazi iliyopita daktari wa mifugo akaja kumdunga sindano ya mwisho. Kesho yake Kamanda alilala langoni, macho barabarani. Watu wa mkokoteni waliingia bila hodi, naye hakubweka.

Siku ya nne mama anayeuza mahamri pale nje akaniuliza, "Mzee, siku tatu si zimekwisha? Mbona huyu bado amekaa tanga?" Tulicheka, lakini swali likabaki nami. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa Kamanda, na mengine nimeyapata kwa kukosea.

Anza na mzoga. Kama aliyekufa ameondoka kwa uzee au uvimbe, mwache mwenzake aje anuse. Kamanda alimnusa Popi masikioni, akashuka tumboni, akarudi nyuma, akaenda zake. Hazikufika dakika mbili. Ila kama marehemu alibadilika ghafla, akawa anatoka udenda na kuuma ovyo, usimguse wala usimruhusu yeyote kumkaribia. Hicho huenda ni kichaa cha mbwa. Mwite daktari wa mifugo. Aliyeumwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Shimo liwe refu, kama mita moja, na lisiwe karibu na kisima. Najua ardhi yetu: ukichimba kidogo tu unagonga mwamba, na kijana wangu alivunja mpini wa sururu. Lakini dawa ya sindano ile hubaki ndani ya mzoga. Mbwa akifukua na kula, naye anaweza kufa.

Gunia alilolalia marehemu usilifue upesi. Kamanda alihamia kwenye gunia la Popi usiku wa pili, nami nikamwachia. Kama kilichoua ni ugonjwa wa kuambukiza, hapo hakuna huruma: choma.

Sasa, mbwa mwenye huzuni anakuwaje? Mwaka 2022 watafiti wa Italia walitangaza majibu ya watu 426 waliokuwa na mbwa zaidi ya mmoja, na mmoja akafa. Wengi sana walisema aliyebaki alibadilika: anamganda mwenye mbwa, hachezi, analala mno, chakula anakiacha, wengine wanalia. Na penye nyumba ambayo watu wenyewe walielemewa na msiba, mbwa naye alionekana mwoga zaidi na hamu ya kula ikapungua. Kwa hiyo jiangalie na wewe.

Lakini hapa ndipo nilipoponzwa. Wiki ya pili Kamanda aliacha kula kabisa. Nikasema ni Popi huyo, atazoea. Siku moja, mbili, tatu. Siku ya nne kijana wangu akamfunua mdomo, ufizi ukawa mweupe kama tui. Tulipomtazama ndani ya masikio na katikati ya vidole, kupe walikuwa wamejipanga kama kunazi. Daktari alitoa damu, akasema ni homa ya kupe, na kwamba tungechelewa siku chache zaidi ningekuwa nachimba shimo la pili. Huku kwetu joto na unyevu havimpi kupe likizo, na homa yake inafanana na huzuni kama pacha: kulala, kukataa chakula, kujitenga. Basi kabla hujasema mbwa ana majonzi, funua ufizi. Uwe wa waridi. Tafuta kupe. Ukiwa na kipimajoto, cha kawaida kwa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Akimaliza siku nzima bila kula, ya pili usiingoje, hata kama una hakika anaomboleza.

Akishapimwa na kuonekana mzima, ratiba isibadilike. Saa ya chakula ni ile ile, bakuli mahali pale pale. Mimi nachemsha vichwa vya samaki vya soko la Kongowea, naondoa miba yote, supu naimwagia ugali ukiwa na uvuguvugu ili harufu ipande. Vitunguu usitie kabisa, vinaharibu damu ya mbwa, na huyu wangu damu yenyewe ilikuwa ya kuokoteza. Matembezi yawe baada ya alfajiri au magharibi, kwa sababu mchana lami inachoma nyayo.

Kumliwaza si lazima umkumbatie. Mimi ni Mwislamu, mbwa wangu wanakaa nje, sufuria yao haichangamani na zangu, na udenda ukinigusa naosha mara saba, moja kwa mchanga. Akiwa mkavu nami mkono wangu mkavu, nampapasa mgongoni. Aghalabu nilikuwa navuta kigoda tu, nakaa karibu yake na chai yangu, namweleza bei za boriti. Alisikiliza vizuri kuliko wateja. Akilia usiku usimkimbilie kila mara, atajifunza kwamba kilio ndicho kinachokuita. Mwendee akiwa ametulia.

Kosa langu la pili lilikuwa kitoto cha mbwa. Miezi miwili haijatimia nikaleta kimoja, nikidhani ninamletea rafiki. Kikampanda Kamanda kichwani, kikalalia gunia la Popi, na siku ya tatu akakibana shingo. Hakikuumia, lakini nilikirudisha kwa mama yake jioni ile. Wale Waitalia walikuta kwamba kwa mbwa wengi mabadiliko hudumu miezi kadhaa, na wengine hupita nusu mwaka. Ngoja mpaka aliyebaki aanze kucheza mwenyewe. Na kama aliyekufa aliuawa na parvo, ule ugonjwa wa kirusi unaowatapisha na kuwaharisha mbwa, kitoto kisiingie uani kabla hakijamaliza chanjo zake, maana kirusi hicho hukaa ardhini miezi mingi.

Kusi ilikuwa imekolea, asubuhi ya manyunyu, mkokoteni ulipoingia tena bila hodi. Kamanda akainuka langoni, akaubwekea mpaka kwenye rundo la boriti, na mwenye mkokoteni akapanda juu ya mzigo wake. Mama wa mahamri alikuwa amesimama na karai lake.

"Mzee," akasema, "ameanua."