Kuchora historia ya Mashujaa FC kwenye ukuta wa kijiwe, Kigoma

Kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, amueni ukuta utasimulia nini. Picha ya mita 6 kwa mita 2.5 inabeba matukio manne, yakizidi sana matano. Mkirundika kumi, kila tukio linabaki na nafasi ya kiganja, na mtu anayepita kwa bodaboda haoni kitu zaidi ya madoa ya rangi.

Kwa Mashujaa, matukio mawili hayana mjadala. La kwanza ni Desemba 2018, timu ikiwa bado ya daraja la chini, ilipokwenda Dar es Salaam na kuitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho kwa mabao 3-2. La pili ni 2023, ilipopanda Ligi Kuu baada ya kuishinda Mbeya City kwenye mchujo. Mengine yachagueni kijiweni, ila kila moja liwe na ushahidi wa gazeti, rekodi ya TFF (shirikisho la soka nchini) au karatasi ya klabu. Tarehe ya kubishaniwa isipande ukutani. Kosa la maneno mtu analisahau, lakini la rangi litachekwa miaka kumi. Chungeni pia tofauti ya mwaka na msimu: mechi ya Desemba 2018 ni ya msimu wa 2018/19. Chagueni mtindo mmoja na muufuate ukuta mzima.

Kuna watakaotaka fainali ya Kombe la Shirikisho ya 25 Julai 2021, Simba ilipoifunga Yanga 1-0 pale uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma. Ni historia ya uwanja, si ya Mashujaa. Tungeiacha, maana siku hiyohiyo mtakayoichora, nusu ya kijiwe itahamia kwa jirani.

Ruhusa

Pateni maandishi ya mwenye ukuta, yakitaja ukubwa wa picha na muda itakaokaa. Kama ukuta unatazama barabara, piteni kwanza ofisi ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Mkiweka nembo ya duka au kampuni iliyochangia rangi, picha inaweza kuhesabiwa kuwa tangazo, na matangazo yana ada zake. Mashujaa ni timu ya JWTZ, kwa hiyo msichore sare, vyeo wala alama za jeshi kwa kujiamulia. Nembo ya klabu ombeni kwa uongozi wenyewe, na hapohapo ombeni nakala safi, kwa sababu ile ya kwenye simu ikikuzwa inavunjikavunjika na maandishi ya pembeni hayasomeki.

Mpangilio

Mji wenyewe umeshawapa mstari wa wakati. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na jina la Mwisho wa Reli limebaki. Choreni reli kutoka kushoto kwenda kulia, mistari miwili iliyoachana sentimita 10, mataruma (zile mbao za kukingama chini ya reli) kila baada ya sentimita 25, na kila mwaka wa tukio uwe stesheni. Mita moja ya mwisho upande wa kulia iachwe tupu, reli ikiendelea bila stesheni. Timu bado inacheza, na ukuta usio na nafasi ya mwakani utafutwa wote ili kuongeza mstari mmoja tu.

Mchoro mdogo ufanyeni kwenye manila, kwa kipimo cha 1 kwa 20: sentimita 30 kwa 12.5. Gaweni miraba ya sentimita 2.5, mtapata 12 kwa upana na 5 kwenda juu. Kila mraba utakuwa sentimita 50 ukutani. Msitumie karatasi ya A4, urefu wake haufiki sentimita 30.

Herufi zina kanuni rahisi: sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Kijiwe kikiwa mita 12 kutoka upande wa pili wa barabara, maelezo yasipungue sentimita 10. Miaka ifanyeni sentimita 25, isomeke na aliye mita 30.

Ukuta

Hapa ndipo picha nyingi hufia. Rangi haibanduki kwa sababu ni ya bei ndogo tu. Mara nyingi hubanduka kwa sababu imepakwa juu ya unyevu, vumbi au chokaa.

Lipu mpya iachwe wiki nne. Kabla ya hapo saruji bado ina ukali wake, nao hula rangi ya mafuta ikawa kama sabuni na kuchubua rangi za kung'aa. Kwa ukuta wa zamani, sugua kwa kiganja. Kikitoka cheupe, kuna chokaa, na chokaa haipakwi juu yake kitu. Kwangua yote kwa brashi ya waya, osha, acha ikauke.

Unyevu upimwe kwa nailoni. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kibandike kwa tepu pande zote nne, subiri saa 24. Matone yakiwa ndani ya nailoni, ukuta wenyewe unatoa maji. Yakiwa juu yake tu, ni umande. Nyumba nyingi za tofali za kuchoma hazina kizuizi cha maji kwenye msingi, ndiyo maana sehemu ya chini hutoa unga mweupe. Unga huo ni chumvi. Usiuoshe kwa maji mengi, utairudisha ndani. Uondoe kwa brashi kavu, subiri wiki mbili, uone kama unarudi. Ukirudi, picha isishuke hapo.

Kwa vyovyote vile, picha ianze sentimita 60 kutoka chini. Mvua ya Kigoma ikidondoka kutoka bati lisilo na mfereji inarusha udongo mwekundu hadi magotini, na hakuna nembo inayopendeza ikiwa na matope. Ukanda huo upakeni rangi ya maji yenye weusi au kahawia iliyokolea. Watu hupenda kuweka ya mafuta ili ioshwe kirahisi, lakini unyevu unaopanda ukikosa pa kutokea unavimbisha rangi na kuipasua.

Msimu mzuri ni Juni na Julai, mvua zikiwa zimekwisha na ukuta umekauka. Agosti na Septemba nayo inafaa, ila vumbi ni jingi, hivyo ukuta ufutwe kila asubuhi.

Nyufa zijazwe puti ya nje, zikikauka zipigwe msasa namba 120. Ukungu wa kijani usuguliwe kwa dawa ya klorini sehemu moja kwa maji sehemu tatu, uachwe dakika 15, uoshwe. Vaa glavu, na usichanganye klorini na dawa nyingine ya chooni, hewa yake ni sumu.

Rangi na kiasi

Chukueni rangi ya maji ya nje, si ya ndani, ambayo huanza kutoa unga baada ya masika moja. Kwenye lipu ya kawaida lita moja inafunika kama mita 8 za mraba. Picha ni mita 15 za mraba, ukanda wa chini ni 3.6. Basi hesabu ni hii: praima (rangi ya kwanza ya kushikia) lita 4, nyeupe lita 4 kwa mikono miwili, yaani tabaka mbili, ya msingi na lita 2 zaidi za kuchanganyia, rangi kuu ya klabu lita 2, rangi ya ukanda lita 2, nyeusi lita 1, na njano, bluu na kahawia lita moja moja. Rangi ya klabu ilinganisheni na jezi halisi mchana, nje ya duka. Taa ya dukani hudanganya.

Nyekundu na njano hazifuniki vizuri, na ndizo hupauka haraka kwa jua. Zipakeni juu ya nyeupe, mikono mitatu myembamba, wala si mmoja mzito unaotiririka. Ukuta unaotazama ziwani unapigwa na jua lote la alasiri. Hapo nyekundu iliyoiva kuelekea kahawia itadumu kuliko ile ya kuwaka.

Kuhamisha mchoro

Rangi nyeupe ya msingi ikishakauka siku nzima, pigeni mstari wa chini kwa pima maji na uzi wa chaki, wa kusimama kwa timazi (uzi wenye uzito chini). Msifuate bati wala sakafu, mara nyingi vyote vimelala. Kisha pimeni ulalo wa kona kwa kona: kwa mita 6 na 2.5 lazima upate mita 6.5 pande zote mbili. Ukipishana kwa sentimita 2, rekebisheni sasa.

Choreni kwa chaki au penseli kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino inapenya rangi ya maji na kutokea juu hata baada ya mikono mitatu, na mkaa unachafua njano. Kwa duara la nembo, tumieni fito nyembamba yenye msumari katikati na tundu la penseli. Kamba huvutika, na duara linafungwa pasipokutana.

Herufi na mataruma zikateni kwenye filamu kuukuu ya eksirei. Acheni vidaraja, yaani vipande vyembamba visivyokatwa, ndani ya herufi na namba zenye tundu kama O, A, R, 0, 6 na 8, la sivyo kati yake itaanguka. Pakeni kwa sponji iliyokamuliwa, kwa kugonga. Rangi ikiwa nyingi inaingia chini ya filamu na kuchafua ukingo.

Kupaka

Anzeni juu kushuka chini, na mandhari ya nyuma kabla ya vitu vya mbele. Fanyeni kazi asubuhi, au ukuta ukiwa kivulini. Kwenye jua kali rangi inakaukia kwenye brashi na kuacha michirizi. Kati ya mkono na mkono yapite masaa manne. Mita za juu zitahitaji jukwaa la mbao. Ngazi ya kuegemea inachubua rangi mliyopaka jana.

Sura za watu ndizo ngumu kuliko vyote. Uso usiofika sentimita 40 hauna maana kujaribiwa kwa brashi za kawaida. Kama hamna mchoraji mzoefu, choreni kivuli cha mchezaji akipiga mpira, na namba ya jezi mgongoni. Hakuna anayecheka kivuli. Wenye mchoraji, ngozi ianzie kwenye kahawia yenye nyekundu kidogo. Kuangaza ongeza njano, kutia kivuli ongeza bluu kidogo. Nyeupe na nyeusi zinaifanya ngozi iwe ya majivu, na mchezaji anaonekana mgonjwa. Picha ya gazetini ina mwenyewe, muulizeni kabla ya kuinakili.

Kabla ya kupaka majina, mpe orodha mtu asiyehusika aisome kwa sauti, herufi kwa herufi.

Baada ya hapo

Wiki moja ikipita bila mvua, pakeni vanishi isiyo na mng'ao, ya maji, mikono miwili, jumla lita 3. Vanishi ya mbao hugeuka njano juu ya nyeupe. Kila rangi mliyochanganya wekeni robo lita kwenye chupa iliyofungwa vizuri, yenye alama ya ilikotumika ukutani. Mkikosa akiba hiyo, kiraka cha kwanza kitaonekana kutoka barabarani, kwa sababu rangi ya mchanganyiko hairudiwi sawasawa mara ya pili.