Jinsi ya kuombea fedha klabu ya programu na roboti katika maktaba ya umma, hatua kwa hatua

Maandiko mengi ya maktaba yanayoomba fedha za kufundisha watoto programu na roboti huanza na orodha ya vifaa: roboti 10, kompyuta 10, projekta moja. Naelewa kwa nini. Kifaa kina bei, kina picha, na ni rahisi kumwonyesha mkuu wako. Ila klabu huendeshwa na mtu ambaye kazi yake, siku na saa inayojulikana, ni kufungua chumba, kuchaji betri na kukaa na watoto. Asipokuwepo, vifaa huishia kabatini na kufuli juu, na mfadhili akija kuuliza hakuna wa kumjibu.

Kwa hiyo mwongozo huu una mpangilio wake: mtu kwanza, muda wake, matunzo, kisha vifaa. Nimeandika maombi ya namna hii kwa miaka kadhaa na kusoma ya wakutubi wenzangu wengi kabla hayajatumwa, na nina hakika mpangilio huo ndio unaotenganisha klabu inayodumu na ile inayozimika ruzuku ikiisha.

Hatua ya 1: Anza kufundisha kabla ya kuomba

Usisubiri hela ndipo uanze. Teua mkutubi mmoja, chagua siku moja kwa wiki, na uendeshe vikao vya majaribio kwa wiki nane hivi kwa ulicho nacho.

Kama huna kompyuta hata moja ya watoto, tumia mazoezi ya CS Unplugged, yaliyotoka Chuo Kikuu cha Canterbury huko New Zealand. Hufundisha mawazo ya kompyuta kwa kadi, kamba na chaki: watoto wanajipanga wenyewe kama namba, wanatafuta kosa lililofichwa katika safu za kadi, wanamwelekeza mwenzao aliyefungwa macho hatua kwa hatua. Ukiwa na kompyuta chache, weka Scratch, ambamo mtoto anaandika programu kwa kuunganisha vipande vya maagizo kwenye skrini. Ilitolewa na MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007, haina malipo, ina programu ya kusakinisha inayofanya kazi bila intaneti, na menyu yake ya lugha ina Kiswahili. Watoto wadogo wa miaka 5 hadi 7 wana ScratchJr, toleo lake rahisi zaidi. Kwa wanaotaka kuonja vifaa vya kielektroniki, tovuti ya MakeCode ina micro:bit (kadi ndogo ya kielektroniki inayopokea programu) ya kuigiza kwenye skrini, hivyo mtoto anaandika programu na kuona taa zikiwaka hata kama kadi yenyewe hujainunua.

Katika vikao hivyo weka daftari la mahudhurio: umri, mvulana au msichana, amekuja mara ngapi, na wangapi walirudishwa kwa kukosa nafasi. Hilo la mwisho watu wengi hawaliandiki, wakati ndilo linaloonyesha uhitaji waziwazi. Andika pia lini watoto wanaondoka. Klabu inayoisha jioni sana hupoteza wasichana kwanza, kwa sababu wazazi wanataka wafike nyumbani kungali mwanga.

Hatua ya 2: Chagua vifaa kwa sifa

Sasa unajua watoto wako wako wapi. Kama bado wanahangaika na mizunguko (kurudia maagizo) na masharti (kama hili, fanya lile) kwenye Scratch, roboti ya gharama kubwa haiwafai bado. Kadi ndogo kama micro:bit inatosha kwa mwaka mzima: ina taa ndogo 25, vitufe viwili, kihisi cha mwendo, dira, na redio ya kuwasiliana na kadi nyingine. Mwaka 2016 BBC iligawa takriban milioni moja kwa wanafunzi wa Uingereza, na ndiyo maana masomo yake ya bure ni mengi. Arduino, kadi ya kuendeshea saketi, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kadi moja, ziwekee watoto wakubwa, na uziombe pale tu unapokuwa na mtu wa kuzifundisha.

Katika andiko, taja sifa za kifaa unachotaka, kisha uandike "au kinacholingana nacho". Kuna sababu. LEGO Mindstorms, seti ya kujengea roboti, ilikuwa sokoni tangu 1998, maktaba na shule nyingi zikajenga masomo yao yote juu yake, kisha kampuni ikatangaza kuiondoa sokoni mwisho wa 2022. Mradi wako wa miaka miwili usifungwe kwenye boksi la kampuni moja. Andika hivi: roboti yenye mota mbili, kihisi cha umbali, inayopokea programu kwa kebo, inayotumia betri za kuchaji, na yenye vipuri vinavyouzwa kimojakimoja. Sifa hiyo ya mwisho isitoke kwenye orodha yako hata kidogo.

Hesabu watoto wawili kwa kifaa kimoja. Watatu wakigawana, mmoja anakuwa mtazamaji, na ukiangalia vizuri utaona kila wiki ni yuleyule.

Hatua ya 3: Jenga bajeti kuanzia kwa mtu

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, alifadhili zaidi ya maktaba 2,500 duniani. Kanuni yake ya kawaida ilikuwa kwamba mji unaotaka jengo utoe kiwanja na uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya kiasi cha ruzuku kwa ajili ya kuiendesha maktaba. Alijua kujenga ni rahisi kuliko kuendesha. Weka kanuni hiyohiyo kwenye bajeti yako hata kama mfadhili hajaidai: kwa kila mwaka wa mradi, tenga angalau asilimia 10 ya thamani ya vifaa kwa matunzo.

Ukitaka kuona kwa nini, fungua sanduku moja la roboti baada ya miezi mitatu ya matumizi. Kebo imepasuka pale inapoingia kwenye plagi, kwa sababu watoto huivuta kwa kushika waya. Skrubu mbili hazipo. Kishikilia betri kimelegea, roboti inazimika ikigonga ukuta. Tairi moja limevuka kwenda sanduku la jirani. Roboti yenyewe haijafa, vyote ni vitu vidogo vya bei ndogo, lakini bila fungu la vipuri roboti hiyo imeshatoka kazini.

Sasa muda wa mtu. Kikao cha saa moja na nusu si kazi ya saa moja na nusu. Ongeza saa moja ya kuandaa na kujaribu zoezi, na nusu saa ya kuhesabu vifaa, kuchaji na kufunga. Hiyo ni saa tatu. Kwa wiki 40 ni saa 120 kwa mwaka, na kwa kuwa watoto wasiachwe na mtu mzima mmoja peke yake, zidisha kwa wawili: saa 240. Zidisha tena kwa malipo ya saa ya mtumishi wa ngazi hiyo na umepata mstari wa kwanza wa bajeti. Mfadhili akiuona mchanganuo huo anajua anazungumza na mtu anayeijua kazi.

Nikigawa mfuko wote kama 100, mimi hupanga hivi: 45 kwa watu, yaani msaidizi wa klabu, posho za wawezeshaji na mafunzo ya wakutubi, 25 kwa vifaa, 10 kwa matunzo na vipuri, 8 kwa umeme na intaneti, 7 kwa kuwafikia wasiofikika, kama nauli za watoto wa mbali au vifaa vinavyomwezesha mtoto mwenye ulemavu kushiriki, 5 kwa tathmini na ripoti. Si amri. Maktaba yenye kompyuta za kutosha itapunguza vifaa na kuongeza watu.

Wafadhili wengine hukataa kulipa mishahara. Usifute mstari huo! Uhamishe uwe mchango wa maktaba: saa 240 za watumishi wako zenye thamani kamili, zikiambatana na barua iliyosainiwa na mkuu wa maktaba kwamba muda huo umetengwa. Barua hiyo itakulinda baadaye mtu akitaka kumhamishia mkutubi wako dawati jingine.

Usiweke ada ya watoto kama chanzo cha mapato. Ilani ya IFLA (shirikisho la kimataifa la maktaba) na UNESCO kuhusu maktaba za umma, iliyohuishwa mwaka 2022, inasema huduma za maktaba ya umma kimsingi ziwe bure, na inataja stadi za kidijitali kwa watu wa umri wote kuwa sehemu ya kazi ya maktaba. Inukuu kwenye andiko. Inamjibu yule anayeuliza roboti zinahusiana nini na vitabu.

Hatua ya 4: Bisha mlango unaohusika

Kila mfuko una kazi yake iliyoandikwa. Nchini Marekani, kwa mfano, mpango wa E-Rate huzipunguzia shule na maktaba gharama za intaneti kwa asilimia 20 hadi 90, lakini haununui kompyuta za watoto wala roboti. Atakayeuombea roboti atakataliwa hata andiko lake liwe zuri namna gani. Soma kwanza kinachoruhusiwa, kisha kinachokatazwa, kisha orodha ya waliopewa miaka iliyopita.

Anza na mamlaka inayomiliki maktaba yako. Hata fungu dogo kutoka kwao lina uzito, kwa kuwa wafadhili wa nje huangalia kwanza kama mwenye nyumba ameweka chochote. Ujue mwezi wanaopanga bajeti na upeleke ombi kabla, maana bajeti ikishapita utaambiwa mwaka ujao.

Kampuni za simu, za uhandisi na benki hupenda vifaa na picha. Ziombee mstari wa vifaa. Wakfu na mashirika yanayojali elimu, wasichana au ajira za vijana huelewa zaidi habari ya watu na mafunzo. Hao waombee msaidizi. Mradi mmoja unaweza kuwa na wafadhili watatu, kila mmoja na mstari wake, mradi tu hakuna mstari unaolipiwa mara mbili.

Kuna na misaada isiyo pesa. Mitandao ya klabu za programu za watoto, yaani CoderDojo, iliyoanzia Ireland mwaka 2011, na Code Club, iliyoanzia Uingereza mwaka uliofuata, hutoa masomo na miongozo bure, na yote miwili iliingia chini ya Raspberry Pi Foundation, shirika la Uingereza la elimu ya kompyuta. Chuo cha ufundi kilicho karibu kina wanafunzi wanaohitaji mazoezi ya kazi. Vitie thamani na uviweke kwenye bajeti kama mchango, lakini usiegemeze klabu nzima kwa mtu wa kujitolea. Mitihani ikianza, atatoweka.

Hatua ya 5: Andika andiko

Mifano miwili ya kubuni. Wa kwanza:

"Dunia ya leo ni dunia ya teknolojia na watoto wetu hawapaswi kuachwa nyuma. Hivyo tunaomba roboti 10 za kisasa ili kuwajengea uwezo."

Wa pili:

"Kila Jumamosi watoto 30 hadi 40 wa miaka 8 hadi 14 hukaa maktabani kwetu. Tuna kompyuta 6 zinazofanya kazi. Kwa wiki nane mkutubi wetu ameendesha kikao cha Scratch: watoto 24 walihudhuria vikao vitano au zaidi, 11 kati yao wasichana, na kila wiki tuliwarudisha wengine kwa kukosa nafasi. Tunaomba fedha za kuanzisha kikao cha pili, kulipa msaidizi mmoja kwa miezi 24, na kununua kadi 12 za kielektroniki pamoja na vipuri vyake."

Wa pili hauna neno kubwa hata moja, na msomaji anakiona chumba. Daftari lako la Hatua ya 1 ndilo limeuandika.

Kwenye malengo, ahidi unachoweza kuhesabu: vikao vilivyofanyika, watoto waliorudi, miradi waliyoimaliza wenyewe, wakutubi walioweza kuendesha kikao bila msaada. Usiahidi kuzalisha wahandisi. Hutakuwepo kuthibitisha.

Kisha andika aya ya kinachofuata fedha zikiisha. Taja nani atabeba gharama ya msaidizi mwaka wa tatu, na kama mamlaka imekubali, ambatanisha barua. Aya hii wengi huijaza kwa matumaini, na mkaguzi wa maombi huigundua kwa macho tu.

Hatua ya 6: Viambatanisho na kutuma

Hati ya usajili, hesabu zilizokaguliwa, bei za maandishi kutoka kwa wauzaji watatu, sera ya ulinzi wa watoto, fomu ya ridhaa ya mzazi ikiwa na kipengele cha picha. Mpe mtu asiyejua chochote kuhusu kompyuta asome andiko lote. Akikwama, rekebisha hapo. Tuma siku mbili kabla ya mwisho, maana tovuti za maombi huelemewa siku ya mwisho.

Hatua ya 7: Fedha zikiingia

Anza na ajira ya msaidizi na mafunzo ya wakutubi wawili, ili mmoja akihama klabu isife. Vifaa vinunue baadaye, nusu kwanza. Vitumieni miezi miwili, mjue kipi kinavunjika, ndipo mnunue nusu iliyobaki pamoja na vipuri sahihi. Kama masharti yanadai vyote vinunuliwe mara moja, omba ruhusa kwa maandishi. Mara nyingi hutolewa ukieleza sababu.

Kila sanduku liwe na namba na karatasi ya vilivyomo ndani ya kifuniko, watoto wenyewe wahesabu kabla ya kuondoka. Ripoti iandike kidogokidogo kila mwisho wa mwezi ukurasa mmoja: mahudhurio, kilichoharibika, kilichotumika, jambo moja ambalo mtoto alitengeneza. Na ombi la mwaka wa tatu lianze kuandikwa mwezi wa 12 wa mradi, wakati msaidizi bado yuko kazini na chumba kimejaa, ili mfadhili mpya aweze kualikwa aje aone kikao kikiendelea.

Ukikataliwa, andika kuomba maoni ya wakaguzi, yapeleke kwenye aya husika za andiko, na vikao vya Scratch viendelee Jumamosi hiyohiyo.