Laptopu Imegoma Baada ya Sasisho? Usikimbilie Kupiga Windows

Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi. Ikifika Alhamisi, mezani kwangu huwa kuna laptopu mbili tatu zenye hadithi moja: "Fundi, ilikuwa nzima, jana ikajisasisha, leo inajizima." Nyingine zimeshapigwa Windows upya mahali pengine na bado zinagoma. Si ajabu. Kama kosa liko kwenye draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye skrini, Windows mpya itaishusha draiva ile ile na utarudi ulipoanza.

Tena wengi wetu tunatumia bando la simu. Windows ikijua kwamba intaneti ni ya kupimwa, huahirisha masasisho mengi. Siku ukiunganisha Wi-Fi ya ofisi, yanashuka kwa mkupuo: la usalama, draiva ya grafiki, pengine na la BIOS (programu ya msingi inayoamsha mashine kabla ya Windows). Kwa hiyo ukiniambia "sasisho limeniharibia", nitakuuliza lipi.

Hatua ya 1: Piga picha skrini ya kosa

Skrini ya bluu (kwenye Windows 11 za karibuni ni nyeusi) ina maandishi mawili yenye thamani: jina la kosa na, mara nyingine, jina la faili. Ukiona VIDEO_TDR_FAILURE, grafiki ndiyo inayolalamikiwa. Windows huipa kadi sekunde 2 kujibu. Ikikaa kimya, hujaribu kuiwasha upya, na hilo likishindikana mashine nzima inaanguka. Faili nvlddmkm.sys ni ya kadi za NVIDIA, amdkmdag.sys za AMD, igdkmd64.sys za Intel.

Kama mashine haianguki bali skrini inaganda tu, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva ya grafiki inaanzishwa upya bila kupoteza kazi yako. Skrini ikizinduka, umeshajua pa kuangalia.

Hatua ya 2: Tafuta ufunguo wa BitLocker kwanza

Laptopu nyingi mpya zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalolinda data ya diski, bila mwenyewe kujua. Ukiingia kwenye matengenezo inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida uko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Niliwahi kuruka hatua hii kwa haraka zangu, tukakaa siku mbili na mteja tukitafuta nenosiri la barua pepe aliyoiacha zamani.

Hatua ya 3: Ingia kwenye hali salama (Safe Mode)

Kama Windows inawaka, shikilia Shift ukibofya Restart. Kama haiwaki, iwashe, na inapoanza kupakia izime kwa kushikilia kitufe cha umeme. Rudia hadi menyu ya matengenezo ijitokeze. Fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart, halafu bonyeza 4.

Hapa ndipo kesi inapochambuliwa. Hali salama haitumii draiva ya NVIDIA, AMD wala Intel. Inatumia ya msingi ya Microsoft. Iache ikae nusu saa. Ikitulia, mshukiwa ni draiva au programu nyingine iliyoongezwa, hata antivirasi. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja mbovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5, na dawa yake ilikuwa kuingia hali salama na kulifuta. Ikianguka hata humo, pima RAM (kumbukumbu ya mashine) na diski kabla ya kulaumu sasisho lolote.

Ukiwa humo ndani, bonyeza Windows na R, andika perfmon /rel. Utaona kalenda: siku za kuanguka zina alama nyekundu, na ukibofya siku unaona kilichosakinishwa. Linganisha tarehe. Mimi naiamini kalenda hii kuliko kumbukumbu ya mteja.

Hatua ya 4: Anza na draiva

Fungua Device Manager, Display adapters, bofya mara mbili kadi iliyotajwa na faili, kisha Driver, halafu Roll Back Driver. Laptopu ikiwa na kadi mbili, gusa iliyotajwa tu.

Kitufe kikiwa kimefifia, draiva ya zamani haipo. Basi pakua mapema draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako (andaa bando, ni mamia ya megabaiti), kata intaneti, safisha ya sasa kwa DDU (programu ya kufuta draiva za grafiki) ukiwa kwenye hali salama, washa kawaida na usakinishe uliyopakua. Usipokata intaneti, Windows itakuwahi na ile mbovu. Herufi zikionekana kubwa na picha haina ukali kabla ya kusakinisha, usishtuke.

Ukishajaribu draiva mbili tofauti na kosa linarudi, hasa mashine ikipata moto, safisha feni na uishuku kadi yenyewe.

Hatua ya 5: Sasisho la usalama liondoe mwisho

Kwenye menyu ya matengenezo chagua Uninstall Updates, kisha Uninstall latest quality update. Ikipona, sitisha masasisho kwa wiki moja tu. Februari 2010 Windows XP nyingi zilianguka baada ya sasisho la usalama na kila mtu akaitupia lawama Microsoft. Uchunguzi ukakuta mashine hizo zilikuwa na kirusi Alureon, kilichojificha ndani ya mfumo na kugongana na sasisho. Waliolifuta sasisho wakatulia walibaki na kirusi chao.

Kwa hiyo ukishasafisha draiva na kupitisha antivirasi, lirudishe sasisho, cheza video skrini nzima kwa saa moja, kisha fungua tena perfmon /rel. Mimi hukaa na laptopu siku tatu bila alama nyekundu ndipo nampigia mwenyewe aje aichukue.